Sura ya Sita: Vistari vya Mkaa

"Kula kwanza," alisema Sajenti Dionisia Chilumba, akasukuma sahani ya chapati juu ya meza.

Zulfa hakuigusa. Alikuwa ametolewa mahabusu saa moja asubuhi. Kanga zake zilikuwa zimekunjamana, lakini kilemba amekifunga sawasawa, kama mtu anayekwenda harusini.

"Mimi nile chako, afande. Na wewe utakula changu? Au unaogopa?"

"Sijasema umemtilia mtu sumu."

"Hujasema. Umenifungia tu."

Hilo lilikuwa kweli. Jumatatu asubuhi, Samia, bi mdogo wa Sadiki wa Mbekenyera, alibebwa kwenda hospitali ya Ruangwa kwa mara ya tatu ndani ya wiki tatu, midomo imeiva buluu, pumzi haipandi haishuki. Siku hiyo hiyo kaka yake Kaimu, fundi cherehani wa Marambo upande wa Nachingwea, alisimama katikati ya kijiji akasema mbele ya watu: bi mkubwa anamuua dada yangu kwa chakula, na dawa yake ya pumu ameimaliza makusudi. Watu wakaenda kung'oa makuti ya jiko la Zulfa. Polisi walimchukua nusu kwa kumshuku, nusu kwa kumwokoa.

Sasa ilikuwa Jumatano. Mkuu wa kituo alimpa Dionisia mpaka saa kumi jioni: Zulfa aachiwe, au faili liende kwa mwendesha mashtaka. Na leo hiyo hiyo Samia anatoka hospitali. Kilichomkaba, kiwe mtu au kitu, kama bado kipo, anakirudia.

"Nani anampikia Samia?" Dionisia aliuliza.

"Mimi. Moshi haumfai. Tangu mwezi wa Ramadhani hajakaa mbele ya mafiga."

"Uji wa Jumatatu?"

"Wa mtama, na karanga. Nilikunywa mimi, akanywa Sadiki, wakanywa wanangu."

"Unampenda Samia?"

"Ni mke mwenzangu, afande, si embe. Simpendi. Ila kumpikia nampikia."

Dionisia aliandika. Zulfa aliutazama mkono wake unavyokwenda, halafu akainama mbele.

"Kuna kitu hujaniuliza. Mwishoni mwa mwezi wa saba tulikuwa msibani Narung'ombe, kwa mjomba wake Sadiki. Siku tatu. Nani alipika? Mimi. Nani alimpelekea Samia sahani? Mimi. Alilala mkekani na wanawake wenzake, akateka maji, akalia na waliolia. Hakukohoa. Sasa hiyo sumu yangu niliisahau nyumbani?"

"Nani anaweza kusema hivyo zaidi yako?"

"Kaulize kalenda," Zulfa alisema, akavuta sahani ya chapati upande wake. "Kila kitu anakiandika, yule. Mpaka pumzi."

* * *

Konstebo Eustakio aliendesha pikipiki, Dionisia nyuma, skafu imefunika pua na mdomo. Eustakio alidhani ni vumbi tu. Miaka miwili wakifanya kazi pamoja, hakujua kwamba sajenti wake anatembea na pampu ya pumu kwenye mfuko wa ndani wa koti, na kwamba kila asubuhi anatazama mgongoni mwa pampu namba ya mivuto iliyobaki. Leo ilikuwa kumi na nane.

Mbekenyera ilikuwa inanuka salfa, dawa ya mikorosho. Ulikuwa msimu wake. Mashine za kupuliza zilinguruma mashambani tangu alfajiri, na unga wa njano ulitanda juu ya mikorosho kama ukungu. Mtu akikaa pale wiki moja haisikii tena harufu ile. Inakuwa hewa.

Sadiki aliwapokea uani. Mwanamume mrefu, macho mekundu, shati amelifunga vifungo kombo.

"Mmemfanya nini mke wangu?"

"Yupi?" Eustakio aliuliza.

"Usinichekeshe, bwana mdogo. Wote wawili."

Dionisia aliomba aone nyumba ya Samia. Ilikuwa vyumba viwili, na tangu mlangoni aliona kwamba aliyekaa mle alifundishwa kuepuka vumbi na moshi, akashika. Sakafu ilinyunyizwa maji kabla ya kufagiwa. Hapakuwa na zulia, hapakuwa na mapazia mazito, hapakuwa na udi. Mkeka ulianikwa juani.

"Kuku wanalala wapi?"

"Zamani humu. Muuguzi alikataza, nimewajengea banda. Paka nimempeleka kwa mama. Jiko la Zulfa lilikuwa pale," Sadiki alionyesha karibu na dirisha, "akalihamisha kule nyuma, upepo usimletee mwenzake moshi."

"Nani alimwambia alihamishe?"

"Hakuna. Alinuna siku nzima, halafu akahamisha."

Dionisia alisimama uani, akapumua. Kifua kilikuwa shwari. Akaingia sebuleni, akakaa dakika tatu akitazama saa. Shwari. Akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Godoro lilikuwa tupu, halina shuka. Kabla dakika tatu hazijaisha alisikia filimbi ndogo ndani ya kifua chake mwenyewe.

Alitoka, akageukia ukuta kama anayetazama simu, akavuta mara mbili. Kumi na sita. Akarudi ndani, skafu usoni.

Kalenda ya chama cha msingi cha wakulima ilining'inia juu ya kichwa cha kitanda. Chini ya kila tarehe palikuwa na vistari vya mkaa.

"Hivi ni nini?"

"Muuguzi alimwambia kila akitumia pampu aweke alama," Sadiki alisema. "Kistari kimoja ni mivuto miwili. Pampu mpya alianza nayo tarehe moja mwezi wa saba."

Dionisia alihesabu kwa ncha ya kalamu. Tarehe moja mpaka kumi na nne, vistari sita tu. Tarehe kumi na tano, vitatu. Kumi na sita, vinne. Vikaendelea vinne, vitano, kila siku, mpaka ishirini na sita. Halafu ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa, karatasi nyeupe.

"Siku hizi tatu?"

"Msibani Narung'ombe."

"Huko hawapulizi salfa?"

"Wanapuliza kuliko hapa."

Tarehe thelathini, vitano. Baada ya hapo saba, nane, kumi. Tarehe tatu mwezi wa nane, kumi na moja. Jumla tisini na saba. Alizidisha mara mbili pembeni mwa daftari.

"Mivuto mia moja tisini na nne. Pampu nzima ina mia mbili. Hakuna mtu aliyeimaliza, Sadiki. Ameimaliza mwenyewe akitafuta hewa."

"Kwa hiyo Zulfa…"

"Zulfa alimpikia siku tatu akapumua vizuri. Si chakula. Salfa ya mashambani ilikuwapo kotekote, kule akapumua, hapa akakosa. Si shamba. Ni kitu cha nyumba hii, cha chumba hiki, na kiliingia tarehe kumi na nne au kumi na tano."

Eustakio alikuwa ameinua godoro. Juu ya mbao za chaga, kwenye mistari miwili iliyonyooka kama njia ya siafu, palikuwa na unga mwembamba wa njano.

"Manjano," Sadiki alisema. "Samia anajisugua singo mwilini."

Dionisia alishika unga kidogo kwa karatasi. "Bi Zulfa ana moto jikoni kwake?"

"Dada yangu amewasha."

"Eustakio, chukua kaa moja la moto. Nje, mbali na mimi. Weka unga huu juu yake, na usiinamie."

Eustakio alifanya hivyo. Manjano yangeungua yakawa meusi. Unga ule uliyeyuka, ukawaka moto mdogo wa buluu, na konstebo akaruka nyuma akikohoa na kutukana kwa Kimakua.

"Salfa," Sadiki alisema taratibu. Uso ulimbadilika. "Lakini mimi salfa siilazi ndani! Wenzangu wanaficha mifuko uvunguni wezi wasiichukue, mimi naiacha stoo ya chama. Kwa ajili yake! Muulize mtu yeyote!"

"Nitawauliza. Godoro hili lilikuwa na nini juu yake?"

"Kava. Kava zuri, la maua."

"Liko wapi?"

"Kaimu amelichukua leo alfajiri. Amechukua na mito, na nguo. Samia hatarudi hapa, anampeleka kwake shambani, Marambo."

Dionisia na Eustakio walitazamana. Mtu aliyepiga kelele kuliko wote ndiye aliyeondoa kitu pekee kilichokuwa kati ya Samia na godoro.

"Lile kava lilitoka wapi?"

"Alilileta yeye mwenyewe," Sadiki alisema. "Alikuja kutusalimia. Katikati ya mwezi wa saba."

Dionisia alipiga simu hospitali. Muuguzi wa zamu alimjibu kwamba Samia ameruhusiwa saa mbili, ana nafuu, kaka yake amemchukua na pampu mpya watanunua njiani. Akapiga namba ya Kaimu. Haipatikani.

"Shambani kwake hakuna mtandao," Sadiki alisema. "Msimu wa salfa wanahamia huko huko, mpaka korosho zianguke."

"Akifika atafanya nini?"

"Samia? Atalala. Siku tatu hizi hajalala."

* * *

Njia yote Eustakio hakufanya mzaha. Walipita Ruangwa bila kusimama, wakashika barabara ya Nachingwea, malori yakiwamwagia vumbi. Mara moja tu Dionisia alimgonga begani asimame, akashuka, akavuta mara mbili bila kugeuka kando. Kumi na nne.

"Afande," Eustakio alisema. "Tangu lini?"

"Tangu darasa la pili. Washa pikipiki."

"Ningejua nisingekuwa navuta sigara zangu karibu yako."

"Sasa umejua. Washa."

Marambo waliuliza njia mara mbili. Saa saba na nusu walifika kwenye nyumba ya udongo katikati ya mikorosho. Shamba la jirani mashine ilikuwa inanguruma. Mlango wa nyumba ulifungwa, na dirisha lilizibwa kwa gunia.

Kaimu alitoka mbio kabla hawajabisha. Kijana mnene kidogo, tepu ya kupimia bado shingoni.

"Mungu ndiye amewaleta! Amezidiwa! Amekula vizuri, amelala nusu saa, ameamka hivi. Afande, yule mwanamke ametuma kitu mpaka huku!"

"Pampu mpya mmenunua?"

"Duka la kwanza hakuna. La pili wakasema kesho."

Ndani kulikuwa giza na joto. Samia alikaa kitandani, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Hakuweza kusema neno zima. Chini yake, kava la maua mekundu, limevutwa likanyooka bila kunjo.

"Mtoe nje! Sasa hivi! Eustakio, shika miguu."

"Nje wanapuliza salfa!" Kaimu alisimama mlangoni, mikono ameitanua. "Mimi ndiye nimeziba dirisha. Salfa ni mbaya kwake, najua mimi, nyinyi hamjui!"

"Nje kuna upepo. Ondoka mlangoni, Kaimu, au nakuondoa."

Aliondoka. Walimketisha upande wa pili wa nyumba, upepo ukiipeleka salfa ya jirani kule bondeni. Dionisia alichukua chupa ya maji ya Eustakio, akayamwaga na kuikung'uta ikauke, akatoboa kitako chake kwa kisu, akachomeka mdomo wa pampu yake mle. Alimwekea Samia mdomo wa chupa kinywani.

"Fumba midomo hapo. Mimi nabonyeza, wewe vuta taratibu. Toa. Vuta tena. Usikimbilie, ipo."

Akabonyeza. Akahesabu pumzi nne. Akabonyeza tena. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kifua chake mwenyewe kilikuwa kimeanza filimbi yake. Chumba kile kilikuwa kimempa na yeye sehemu yake. Kumi. Tisa. Samia alikuwa amemkamata mkono, kucha zinamwingia.

"Afande, bakiza," Eustakio alinong'ona. "Na wewe unapiga miluzi."

"Katafute gari."

Nane. Saba. Sita. Kaimu alipiga magoti kwenye mchanga akisoma dua, akikosea, akianza upya. Tano. Nne. Hapo mabega ya Samia yakashuka. Yakakaa chini. Alivuta pumzi moja ndefu, yenye kukwaruza, akaitoa yote.

Dionisia akavuta mbili zake. Namba ikasimama kwenye mbili.

* * *

Kaimu alikwenda kuchota maji. Dionisia aliingia ndani, skafu usoni, akalivua kava, akatoka nalo kwa ncha za vidole mpaka mbali. Lilikuwa kazi safi. Nje kitambaa cha maua. Ndani, tabaka zima la nailoni nyeupe, vipande vinne vimeungwa kwa mshono wa kurudia, matundu ya sindano yamepangika kama mchele. Alilikunja na kulibonyeza. Kwenye matundu ya mshono palitoka vumbi jembamba la njano kama moshi. Kwenye pindo la ndani yalibaki maandishi nusu: kilo ishirini na tano, weka mbali na watoto.

Nailoni ya ndani ya mifuko ya salfa. Kila nyumba ya wakulima wa korosho inayo.

Samia alikuwa anamtazama.

"Muuguzi alisema… godoro livalishwe nailoni," alisema kidogo kidogo. "Kwa ajili ya vumbi. Nilimwambia kaka kwenye simu. Baada ya siku nne akaja nalo."

"Ulijua ni nailoni ya nini?"

"Sasa ndiyo naona." Akakusanya pumzi. "Afande, usimwambie."

"Zulfa yuko ndani, Samia."

Samia alifumba macho. Jikoni kwa Zulfa ndiko alikokula tangu mwezi wa Ramadhani.

"Basi mwambie," alisema. "Ila mwambie taratibu."

Kaimu alirudi na ndoo. Aliona kava juu ya mchanga, akaona nailoni imegeuzwa nje, akaweka ndoo chini bila kumwaga tone.

"Hilo nimelishona mimi."

"Najua."

"Niliifua. Mara tatu, afande! Sabuni ya mche mzima. Nikaianika."

"Wewe mkulima wa korosho, Kaimu. Salfa ya unga ukiitia kwenye maji inakuwaje?"

Kaimu aliinama akaigusa nailoni. Kila mtu Marambo anajua: haiyeyuki. Inaelea, inashika, na ikikauka inarudi unga.

"Harufu je?" alisema kwa sauti ndogo. "Ningesikia harufu."

"Mwezi huu? Nani anaisikia mwezi huu?"

Mashine ya jirani ilizima. Kaimu alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Akavua ile tepu shingoni, akaizungusha kwenye vidole, akaitia mfukoni.

"Nilishona mara mbili mbili," alisema, "lisije likafumuka akaumia na vumbi." Halafu: "Nikamate."

"Kwa kosa lipi? Nimekuja na pingu, si na neno la kukushtaki. Sadiki nimeshampigia hesabu, salfa yake inalala stoo. Wewe ungetaka kumuua dada yako usingeziba dirisha kwa gunia."

Gari la mnunuzi wa ufuta lilifika, Eustakio amekaa mbele. Walimpandisha Samia pamoja na shangazi yake, aliyeitwa kutoka shamba la jirani, aende hospitali ya Nachingwea akaangaliwe, chupa na pampu yenye namba mbili mkononi. Kava liliingia kwenye mfuko wa ushahidi, mfuko ukafungwa mara tatu. Walilifuata gari kwa pikipiki, Kaimu pamoja nao, mpaka Marambo kwenyewe, penye mtandao. Saa nane na robo Dionisia alipiga kituoni Ruangwa.

"Mkuu, hakuna sumu wala mhalifu. Taarifa naandika jioni. Mwachieni Zulfa."

Alisubiri. Kaimu alisimama karibu na pikipiki, akitazama viatu vyake. Mkuu wa kituo akarudi kwenye simu, akicheka kwa kukereka.

"Hataki kutoka."

"Hataki?"

"Mlango uko wazi, amekaa ndani anakula chapati. Ongea naye wewe."

Sauti ya Zulfa ikaingia, kavu, haina haraka.

"Samia mzima?"

"Mzima. Anapumua."

"Haya. Sasa nisikilize, afande. Walinitangaza hadharani, nikatembezwa hadharani, makuti yangu yakang'olewa mchana kweupe. Sitoki kwa mlango wa nyuma kama kuku. Huyo aliyenitangaza aje anitoe, anitembeze kwa mguu wake mpaka Mbekenyera, aseme pale pale aliposemea. Akishamaliza, apandishe makuti yangu. Mimi niko hapa. Chapati zenu si mbaya."

Simu ikakatwa.

"Amesemaje?" Kaimu aliuliza.

Dionisia alimweleza, neno kwa neno, bila kupunguza. Kaimu alisikiliza mpaka mwisho. Alitoa tepu yake mfukoni, akaivaa tena shingoni, akapanda nyuma ya Eustakio, safari ya Ruangwa. Kisha akakumbuka, akashuka, akamwachia sajenti nafasi ya katikati, mbali na vumbi la tairi.